Vyuo vya mtandaoni visiwaache wanafunzi bila walimu

Kwa Mhariri,

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, kurasa za magazeti yetu hujaa matangazo ya vyuo vikuu, na siku hizi ni nadra kukuta tangazo lisilotaja kozi zinazofundishwa mtandaoni. Mzazi wa Kayole au Kawangware anayelisoma huona kwamba mwanawe anaweza kupata shahada bila kupangishiwa chumba karibu na chuo, bila nauli ya matatu ya kila siku, na bila kuacha kibarua kinachomlisha. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili ya umma upande wa mashariki mwa jiji, na wanafunzi wangu ndio hasa wanaolengwa na ahadi hiyo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze sharti moja ambalo, likipuuzwa, ahadi hiyo itageuka kuwa njia nyepesi ya kukusanya karo tu: kila mwanafunzi wa mtandaoni awe na mkufunzi anayemjua kwa jina, anayezisoma kazi zake, anayemwonyesha alipokosea, na anayemtafuta anapotoweka.

Kusoma ukiwa mbali na chuo si jambo geni nchini. Mwaka wa 1967 kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa huko Kikuyu, chini ya taasisi iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1970, nacho kiliwahudumia hasa walimu wa shule za msingi waliokuwa wakifundisha bila elimu ya kutosha. Walitumiwa masomo yaliyochapishwa, wakasikiliza vipindi redioni, wakaandika majibu na kuyapeleka posta, na yaliporudi yalikuwa yamesahihishwa kwa mkono wa mtu. Wakati wa likizo waliitwa kukutana na wakufunzi ana kwa ana. Mwaka wa 1986 chuo hicho kikaanza kutoa shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje. Baadhi ya walimu walionifundisha mimi walipanda ngazi kwa njia hiyo, wakisoma usiku kwa taa ya mafuta baada ya kusahihisha madaftari yetu, na sijapata kumsikia mtu yeyote akisema kwamba elimu yao ilikuwa duni.

Nairobi pia imewahi kuwa kitovu cha jaribio kubwa zaidi. Mwaka wa 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa African Virtual University, ambao baadaye makao yake makuu yaliletwa jijini humu. Mihadhara kutoka ng'ambo ilirushwa kwa setilaiti hadi katika vyuo washirika barani, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa miongoni mwavyo, na wanafunzi walikusanyika kuitazama. Setilaiti ilikuwa ghali mno. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka wa 2009 ndipo mambo yalipoanza kubadilika, na leo somo lililohitaji ukumbi na dishi kubwa juu ya paa linaonekana kwenye simu ya mwanafunzi aliyeketi ndani ya matatu barabarani Jogoo. Kikwazo cha mitambo, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilichotajwa kila tulipozungumzia elimu ya masafa, kimepungua sana. Nadhani ndiyo maana tumefikia kuamini kwamba kazi imekwisha.

Wenzetu wa Marekani waliamini hivyo kabla yetu, na yaliyowapata yanatuhusu. Mwaka wa 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walilifungua somo lao la akili unde katika Chuo Kikuu cha Stanford kwa mtu yeyote duniani mwenye intaneti, bila malipo, na watu wapatao 160,000 wakajiandikisha. Mwaka uliofuata zikazaliwa kampuni za kozi za mtandaoni za Udacity na Coursera, na vyuo vya Harvard na MIT vikaanzisha edX. Shangwe ilikuwa kubwa. Thrun mwenyewe alitabiri mwaka huo wa 2012 kwamba baada ya miaka 50 zingebaki taasisi 10 tu duniani zinazotoa elimu ya juu. Ilisemwa kwamba mtoto wa kijiji chochote, Afrika au Asia, angefundishwa na mhadhiri yule yule anayemfundisha mtoto wa tajiri, na kwamba karo kubwa zingekuwa historia.

Kilichotokea ni tofauti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipowauliza wanafunzi wa kozi zao za Coursera kuhusu elimu yao, waligundua mwaka wa 2013 kwamba zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikwisha kuwa na shahada au stashahada tayari. Utafiti mwingine uliochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 2019, ukiangalia miaka kadhaa ya kozi za Harvard na MIT, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakuwahi hata kuanza masomo, kwamba katika mwaka wa mwisho uliochunguzwa waliomaliza walikuwa chini ya 4 kwa kila 100, na kwamba wengi wa wanafunzi hao walitoka katika nchi tajiri. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, lakini waliopita walikuwa wengi wao ni watu ambao tayari walikuwa ndani.

Mfano unaonigusa zaidi kama mwalimu ni ule wa Chuo Kikuu cha Jimbo cha San Jose, California. Mapema mwaka wa 2013 chuo hicho kiliungana na Udacity kutoa masomo ya hisabati na takwimu mtandaoni kwa dola 150 kwa somo, bei nafuu sana kwa viwango vya huko. Miongoni mwa waliojiandikisha walikuwamo vijana wa shule za upili kutoka familia maskini na wengine waliowahi kuanguka somo lilo hilo. Mtihani wa mwisho ulipofanywa, wengi wao walishindwa, na kufikia Julai mpango ulikuwa umesimamishwa. Video zilizowafaa wahandisi wenye kazi na shahada hazikuwafaa vijana waliokuwa wakipambana na aljebra. Vijana hao hawakuwa wajinga, maana mwanafunzi aliyezoea kusoma peke yake hujua la kufanya anapokwama, na asiyezoea huhitaji mtu wa kumkwamua. Huyo wa pili ndiye anayejaza madarasa yetu.

Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Kijana mmoja niliyemfundisha alipata C+ katika KCSE, alama ya chini kabisa inayomruhusu mtu kusomea shahada, akaajiriwa mlinzi wa usiku katika jengo moja la Westlands. Baada ya kuweka akiba kidogo alijiandikisha kwa shahada ya biashara mtandaoni katika chuo ambacho sitakitaja. Alisoma kwa simu ndani ya kibanda cha langoni, kati ya saa saba na saa kumi usiku, magari yalipokuwa yamepungua. Alikuja kuniona mwezi wa tatu wa masomo yake akiwa na somo la takwimu lililomshinda, akanionyesha kazi aliyokuwa amerudishiwa. Juu ya ukurasa ziliandikwa alama 11 kwa 30, na hapakuwa na neno jingine lolote.

Niliipitia kazi yenyewe. Maswali yalitaka apime jinsi takwimu zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani wake. Alikuwa amekokotoa wastani bila kosa na kutoa tofauti ya kila namba bila kosa, lakini badala ya kuzidisha kila tofauti kwa yenyewe kwanza kisha kujumlisha, alizijumlisha kwanza ndipo akazidisha. Yeyote anayelijua somo hili anafahamu kwamba tofauti hizo zikijumlishwa hutoa sifuri daima, na kwa hiyo kila swali lilikuwa limempa sifuri. Alidhani kwamba mazoezi yale yalitungwa kwa makusudi ili jibu liwe sifuri. Mkufunzi angeligundua kosa hilo kwa dakika moja na kuandika mstari mmoja pembeni, na kijana angeendelea. Alikuwa ameuliza katika kundi la WhatsApp lenye wanafunzi mamia ambamo hapakuwa na mhadhiri hata mmoja, akajibiwa na wenzake waliokuwa wakikosea kama yeye. Alikuwa ameandika barua pepe mara kadhaa bila kupata jibu la mtu. Tuliketi naye jioni moja tukalimaliza jambo hilo, lakini masomo mengine hayakuwa na mtu wa karibu wa kumsaidia, na muhula wa pili ulipofika hakulipa karo. Chuo hakikumpigia simu kumuuliza kulikoni. Katika hesabu za chuo hicho sijui kama anahesabiwa kuwa aliacha masomo au bado ni mwanafunzi.

Kinyume chake, taasisi zilizofanikiwa katika elimu ya masafa zimefanikiwa kwa sababu ya watu. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipewa hati yake mwaka wa 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka wa 1971, na tangu mwanzo hakikudai vyeti vya awali ili mtu apokelewe. Watu wengi hukikumbuka kwa vipindi vyake vya usiku wa manane katika runinga ya BBC, na huku kwetu ndivyo kinavyosimuliwa. Uti wa mgongo wake, hata hivyo, ulikuwa jeshi la wakufunzi wa muda walioenea nchi nzima, kila mmoja akiwa na kundi lake dogo la wanafunzi, akisahihisha kazi zao na kuandika maelezo marefu, akikutana nao katika vituo vya karibu, pamoja na masomo ya makazi wakati wa kiangazi. Dereva wa lori au mama wa nyumbani aliyekuwa ameacha shule akiwa na miaka 15 alikuwa na mtu wa kumwandikia.

Karibu nasi, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimefundisha kwa masafa tangu mwaka wa 1946, na ni kwa mafunzo yake kwamba Nelson Mandela alipata shahada ya sheria mwaka wa 1989 akiwa bado mfungwa. Majirani zetu walikitungia sheria Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka wa 1992, nacho kikaweka vituo mikoani ambako mwanafunzi hufanyia mitihani na kupata ushauri bila kufunga safari hadi Dar es Salaam. Sisi tulisubiri hadi tarehe 3 Agosti 2023, Rais William Ruto alipokipa hati Chuo Kikuu Huria cha Kenya chenye makao yake Konza. Tumechelewa miaka mingi, lakini aliyechelewa ana nafasi ya kuona wenzake walipojikwaa.

Hata huko Marekani, mpango wa mtandaoni unaosifiwa zaidi ni ule wa shahada ya uzamili ya kompyuta wa Georgia Tech, ulioanza mwaka wa 2014 kwa gharama ya jumla ya dola zipatazo 7,000, sehemu ndogo ya gharama ya shahada iyo hiyo kwa wanaohudhuria chuoni. Umepata maelfu ya wanafunzi. Lakini chuo hicho hakikuwaacha na video tu. Kiliajiri wasaidizi wengi wa kufundisha, wakiwamo wahitimu wa mpango wenyewe, wa kujibu maswali na kusahihisha kazi. Tena wanafunzi hao wote walikwisha kuwa na shahada ya kwanza na aghalabu kazi. Kama watu wa aina hiyo wanahitaji wasaidizi, sembuse kijana wa miaka 19 aliyetoka katika shule ya kutwa ambayo mwalimu mmoja hufundisha masomo matatu?

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa nimelisikia katika vikao vya walimu: kwamba sasa zipo programu za akili unde zinazojibu maswali saa yoyote, na kwamba kijana wangu angeuliza programu hiyo akajibiwa papo hapo. Ni kweli angejibiwa, na mimi nawahimiza wanafunzi wangu wazitumie kwa uangalifu. Lakini ili uulize lazima ujue kwamba umekosea, naye hakujua. Zaidi ya hayo, programu humjibu anayeifungua. Aliyekata tamaa, au aliyezidiwa na zamu, au aliyeuza simu ili alipe kodi ya nyumba, haifungui, wala haimtafuti. Mkufunzi mwenye wanafunzi 30 huona kwamba jina fulani halijaonekana wiki mbili, akapiga simu. Simu hiyo ndiyo huokoa wengi, na mwalimu yeyote wa darasa nchini humu atathibitisha ninayoyasema.

Sharti hilo la mkufunzi lina mwenzake, nalo ni mahali pa kuketi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 3 na zaidi, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Hali imesonga mbele tangu wakati huo, hasa kwa upande wa simu, lakini simu na kompyuta si kitu kimoja. Insha ya kurasa kumi haiandikiki vizuri kwa kidole gumba, na jedwali la hesabu likifunguliwa kwenye kioo kidogo huonekana safu mbili kwa wakati mmoja. Kisha kuna nyumba zenyewe. Chumba kimoja cha Mathare chenye watu sita, redio ya jirani na stima inayopotea bila taarifa si mahali pa kufanyia mtihani wenye saa inayohesabu kurudi nyuma. Nimewaona vijana wamejazana katika saiba za Umoja usiku, wakilipia dakika, ili tu wapate kuwasilisha kazi kabla ya mfumo kujifunga saa sita kasoro dakika moja.

Tulipaswa kuwa tumejifunza haya wakati wa janga la Covid-19. Vyuo vilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamishiwa mtandaoni kwa haraka, na wanafunzi waliorudi vijijini wakawa wanapanda vilima kutafuta mawimbi. Julai mwaka huo puto za mradi wa Loon zilianza kurusha intaneti kutoka angani juu ya sehemu kadhaa za nchi. Januari iliyofuata wenye mradi wakatangaza kwamba wanaufunga. Silaumu jaribio, lakini elimu ya taifa haiwezi kuning'inizwa kwenye kitu kinachoweza kuondolewa miezi sita baadaye kwa uamuzi uliofanywa ng'ambo.

Ipo njia ya karibu zaidi. Serikali imeahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi, na wadi za nchi hii ni 1,450. Nairobi pekee ina 85. Vituo hivyo vinazungumziwa kana kwamba vitakuwa mahali pa vijana kutafutia kazi za mtandaoni, na hilo ni jema. Naomba viwekewe pia kazi ya pili, yaani kuwa vituo vya kusomea vya Chuo Kikuu Huria na vya chuo chochote cha umma kinachofundisha mtandaoni, vikiwa na kompyuta zinazofanya kazi, betri za akiba, na mtu wa kuvifungua hadi saa nne usiku. Jijini tuna hata maktaba za kuanzia. Maktaba ya McMillan imesimama katikati ya jiji tangu mwaka wa 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yako katikati ya mitaa ninayoizungumzia. Mwanafunzi wa Jericho anaweza kufika Makadara kwa miguu. Anachohitaji ni kwamba akifika jioni, baada ya kazi, akute mlango uko wazi.

Wanaosema kwamba mpango wa namna hii ni ndoto waende Dadaab. Tangu mwaka wa 2013 Chuo Kikuu cha Kenyatta na kile cha Moi, pamoja na vyuo vya Kanada kikiwamo York, vimeshirikiana kuwafundisha wakimbizi na wenyeji wa eneo hilo katika mradi uliochanganya masomo ya mtandaoni na ya ana kwa ana, kukiwa na kituo cha kusomea pale pale. Wanafunzi wa huko wamepata vyeti, stashahada na shahada, na wengi wao ni walimu katika shule za kambini. Ikiwa jambo hilo liliwezekana katika kambi ya wakimbizi iliyo katikati ya jangwa, haliwezi kushindikana Dandora.

Kuna suala jingine ambalo vyuo vyetu havipendi kulisema hadharani, na mimi naona lazima lisemwe, nalo ni uaminifu wa shahada hizi. Jiji hili lina vijana wengi, baadhi yao wahitimu bora wa vyuo vyetu, ambao kwa miaka mingi wamejipatia riziki kwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Usiku kucha, katika vyumba vya kupanga vya Roysambu na Kahawa, wameandika juu ya uuguzi, sheria na fasihi kwa majina ya watu ambao hawatawaona kamwe. Uingereza ilitunga sheria mwaka wa 2022 kuharamisha biashara hiyo huko England, lakini hiyo haikuondoa ukosefu wa kazi uliowasukuma vijana wetu kuifanya. Inanisikitisha sana kwamba mtu mwenye uwezo wa kuandika tasnifu ya uzamili ya mwingine hajapata nafasi wala karo ya kuandika yake.

Sasa ujuzi huo uko hapa hapa, na mwanafunzi wa mtandaoni wa Nairobi anaweza kuununua kwa bei ya chini kuliko mwenzake wa London. Mwajiri akishaanza kushuku kwamba shahada ya mtandaoni imeandikwa na mtu mwingine, atakayeumia si yule aliyedanganya tu, bali pia mlinzi aliyesoma kwa jasho lake langoni. Njia za kamera zinazomchungulia mwanafunzi nyumbani kwake sizipendi. Ni za kuvunja heshima, tena huzidiwa na mtandao dhaifu na chumba chenye watu wengi. Mitihani mikuu ifanyiwe katika vituo, ana kwa ana, kwa kitambulisho, na kila kazi kubwa ifuatwe na mazungumzo mafupi ambapo mwanafunzi ataeleza alichoandika mbele ya mkufunzi anayemfahamu. Mkufunzi aliyesoma kazi tano za mtu huijua sauti yake, na ya sita ikiandikwa na mwingine huitambua mara moja.

Kuhusu vyuo vyenyewe, sioni kwamba vitakufa kama ilivyotabiriwa, lakini sidhani kwamba vinapaswa kubaki vilivyo. Tangu mpango wa wanafunzi wa kujilipia ulipoanza katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa 1998 na kuigwa na vingine, tumezoea kumbi ambamo mamia ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza husikiliza mhadhara mmoja, wengine wakisimama dirishani, na vyuo vikakodi orofa katikati ya miji ili kupata nafasi zaidi. Mhadhara wa namna hiyo haupotezi kitu ukirekodiwa. Pengine unapata, kwa maana aliye dirishani ataweza kuurudia. Naomba saa ambazo mhadhiri ataziokoa kwa kutorudia mhadhara ule ule kila mwaka zitumiwe katika makundi madogo, ana kwa ana kwa walioko chuoni na kwa video au katika vituo kwa walioko mbali. Tiba, uhandisi na sayansi za maabara zitaendelea kuhitaji mikono juu ya vifaa, na sidhani kama kuna anayelipinga hilo.

Vilevile tusifikiri kwamba yote yatakayofundishwa yanaweza kuagizwa kutoka nje. Hesabu ya takwimu ni ile ile Boston na Bungoma. Lakini mwanafunzi wa sheria atahitaji kuijua Katiba ya mwaka wa 2010, na mwanafunzi wa kilimo udongo wa Mwea, mambo ambayo mhadhiri wa mbali hana sababu ya kuyajua. Vyuo vyetu vikiacha kutunga masomo na kubaki kusimamia mitihani ya masomo yaliyotungwa kwingine, tutakuwa tumerudi nyuma kupita kule Kikuyu ya mwaka wa 1967.

Gharama, bila shaka, ndiyo pingamizi kubwa, na vyuo vingi vya umma vina madeni. Lakini chuo cha mtandaoni hakijengi bweni wala ukumbi, na kinachookolewa hapo lazima kiende mahali. Hofu yangu ni kwamba kitaenda kulipa madeni ya zamani, huku walimu wa muda wakiendelea kungoja malipo yao kwa miezi. Nchi hii ina wenye shahada za uzamili wasio na kazi, na ina walimu wastaafu wenye nguvu na subira. Wapewe mafunzo, wapewe kila mmoja wanafunzi wasiozidi 30, na walipwe kwa wakati. Karo ya mwanafunzi mmoja ambaye hakuacha masomo kwa sababu alijibiwa, na akaendelea kulipa miaka minne, inagharimia sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Ombi langu la mwisho linaielekea Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ambayo ndiyo huidhinisha kozi hizi. Kabla ya kuidhinisha shahada yoyote ya mtandaoni, Tume ikitake chuo kionyeshe ni wakufunzi wangapi watawahudumia wanafunzi wangapi, na mwanafunzi akituma kazi atajibiwa ndani ya siku ngapi. Kisha kila mwaka kila chuo kitangaze hadharani walioandikishwa katika kila kozi ya mtandaoni, waliofika mwaka wa pili, na waliohitimu, na takwimu hizo zichapishwe kabla ya wanafunzi kuanza kuchagua kozi. Wanafunzi wangu huja kuniuliza wajiandikishe wapi, mara nyingi wakiwa na wazazi wao na fedha zilizochangwa na ukoo mzima, na wakati huu sina chochote cha kuwaonyesha isipokuwa matangazo ya vyuo vyenyewe.

Wako,
Mwalimu wa hisabati,
Kayole, Nairobi